Tangi la Kanisa na Hesabu Zake

 

Neno letu la leo liko katika Injili ya Luka, sura ya 14, mstari wa 28 hadi wa 30. Lisomeni tena mkiwa nyumbani. Hapo Bwana Yesu anatoa habari za mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo asipotulia kwanza akapiga hesabu ya gharama, huenda akaweka msingi na kushindwa kumaliza, na kila apitaye njiani akamfanyia mzaha.

Twajua kwamba Bwana alikuwa akifundisha gharama ya kumfuata yeye. Lakini kwa kufundisha hayo alichagua mfano ambao watu wake waliujua kwa macho, na sisi pia twaujua. Ni nani katika pande zetu hizi asiyejua jengo lililoishia kwenye linta, nyasi zikaota ndani? Ni nani asiyesikia habari za mashine ya kusaga iliyonunuliwa kwa harambee kubwa, ikafungiwa chumbani kwa kuwa hakuna aliyekumbuka gharama ya kuvuta umeme? Wapita njia hucheka, na wakicheka hawamcheki fundi. Huwacheka watu wa Kanisa, na jina tulichukualo linatiwa aibu.

Kwa hiyo leo tunapenda tuzungumze pamoja juu ya jambo dogo na la kawaida sana: jinsi kanisa dogo linavyoweza kununua kitu kimoja, likapanga vema, likakadiria gharama, kisha likailinda kazi hiyo mpaka mwisho. Tutachukua mfano wa tangi la kukinga maji ya mvua. Mwenye haja ya kununua viti, kinanda au shamba dogo ataona kwamba njia ni ile ile.

Kwa nini tangi? Kwa sababu sisi watu wa kandokando ya ziwa tunayaona maji kila siku, na bado maji ya kunywa ni shida. Mama wa Homa Bay au wa Sori aweza kusimama mlangoni pake akaliona ziwa linametameta mpaka mbali, naye hana kikombe cha maji safi cha kumpa mtoto. Ziwa lina kichocho. Kipindupindu nacho twakifahamu. Kilipoingia mwanzoni mwa mwaka 2015, Migori na Homa Bay zilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kupatwa. Na huku makanisa yetu mengi yana paa la mabati, na kila mvua inyeshapo maji yanamwagika chini na kuchimba mashimo kando ya ukuta. Mungu anatuletea maji mpaka juu ya paa. Kazi iliyobaki kwetu ni kuyakinga.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Katika miaka ya 1960 akina mama wa upande wa Nyeri na sehemu nyingine za Mkoa wa Kati waliunda vikundi vilivyoitwa vikundi vya mabati. Walilima mashamba ya watu kwa malipo, wakaweka fedha pamoja, wakamwezekea mmoja wao nyumba kwa mabati, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka zamu ikawafikia wote. Baada ya mabati wengi wakaendelea na matangi, kwa maana paa la mabati hutoa maji ambayo paa la nyasi haliwezi kuyatoa. Sisi nasi tuna nyoluoro yetu, ambayo kila mama wa Nyanza anaijua. Akina mama hao hawakuwa na shahada za uchumi. Walijua jumla inayotakiwa, walijua zamu ni ya nani, na kila mmoja aliona kwa macho yake fedha zilikokwenda. Hayo matatu ndiyo tutakayoyaeleza leo.

Jambo la kwanza ni kupanga. Makanisa mengi huanza na kitu badala ya kuanza na shida. Twasema, kanisa la jirani wana tangi, na sisi sharti tuwe nalo. Tukianza hivyo, tutanunua tangi kubwa kuliko la jirani, na hatutauliza litamsaidia nani. Basi halmashauri ya kanisa ikae kwanza na kujibu maswali haya: Shida yetu ni nini? Ni ya nani? Kitu tutakachonunua kitaiondoa kwa kadiri gani?

Tuchukue kanisa ambalo paa lake lina urefu wa mita 15 na upana wa mita 8. Zidisha, utapata mita za mraba 120. Kanuni ya maji ya mvua ni rahisi, hata mtoto wa shule aweza kuikumbuka: milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Basi mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua nzuri ya jioni moja, juu ya paa hilo inatoa lita 1,200. Lakini mengine yatarukia nje, mengine yatakaukia juu ya mabati. Ondoa sehemu moja ya tano, zitabaki lita 960. Kwa hesabu hiyo tangi la lita 10,000 litajaa likipata mvua ya milimita mia moja na zaidi kidogo.

Sasa angalia upande wa matumizi. Tuseme kiangazi kinachukua siku 60 bila mvua ya kutegemewa. Mkitoa mitungi minane ya lita 20 kila siku, hiyo ni lita 160 kwa siku, na kwa siku 60 ni lita 9,600. Tangi limekwisha. Kwa hiyo tangi hilo haliwezi kunywesha kijiji kizima. Laweza kuwapa watoto 40 wa shule ya chekechea lita mbili mbili kila siku, ndizo lita 80, na mitungi minne iliyobaki ikaenda kwa wazee na wagonjwa wasioweza kufika kisimani. Hilo ni jambo kubwa mbele za Mungu. Lakini lisemwe wazi tangu mwanzo. Kama tutawatangazia watu wote kwamba shida ya maji imekwisha, basi siku ya kwanza ya kiangazi kutakuwa na foleni, siku ya ishirini kutakuwa na ugomvi, na lile lililonunuliwa kwa upendo litakuwa limeleta chuki.

Mpango pia uwe na majira. Mvua za masika kwetu huja Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Tena mvua haifanani. Nyanda za juu za Rongo hupata nyingi kuliko ufuo wa ziwa, na kila kanisa lipime kwa mvua ya mahali pake. Mkitaka kukinga mvua za vuli, kila kitu kiwe mahali pake ifikapo mwisho wa Septemba. Hesabuni kurudi nyuma: fundi apewe wiki tatu, ununuzi wiki mbili, michango miezi sita. Hapo mtaona kwamba mlipaswa kuanza mwezi wa Februari. Mtu asiyehesabu kurudi nyuma hununua tangi katikati ya kiangazi, na tangi tupu hukaa juani likiwatazama watu.

Jambo la pili ni makadirio ya gharama, au kama wasemavyo siku hizi, bajeti. Kosa kubwa hapa ni kudhani kwamba bei ya kitu ndiyo gharama ya kazi. Tutawapa mfano, na bei hizi ni za mfano tu. Ninyi mtaandika zile mtakazopewa madukani kwenu. Tuseme tangi la lita 10,000 ni shilingi 85,000. Kulisafirisha kutoka mjini ni 5,000. Msingi wa kulikalisha, yaani mawe, mchanga, kokoto na simiti, ni 24,000. Gata za kukinga maji pande zote mbili za paa, mita 30 kwa shilingi 600 kila mita, ni 18,000. Mbao za kufungia gata ni 6,000. Paipu, bomba la kutekea, wavu wa kuzuia uchafu na mbu, na kufuli, ni 7,000. Fundi na msaidizi wake ni 15,000. Jumlisheni: shilingi 160,000.

Mwaona? Mtu aliyesimama kanisani na kusema, "Tangi ni elfu themanini na tano, tuchange," alikuwa amesema ukweli kuhusu tangi na uongo kuhusu kazi. Tena hatujamaliza. Ongezeni akiba ya dharura, sehemu moja ya kumi, shilingi 16,000, kwa maana bei ya simiti haingoji mikutano ya halmashauri. Ongezeni 4,000 za matunzo ya mwaka wa kwanza, bomba likivunjika au gata ikilegea. Jumla kuu ni shilingi 180,000. Tangi lenyewe ni chini ya nusu ya fedha hizo.

Hesabu hii iandikwe kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani. Kila mstari uwe na jina la kitu, idadi yake, bei yake na jumla yake. Msiandike neno "mengineyo" na kuliwekea elfu ishirini. Katika hesabu za Kanisa, "mengineyo" ni mlango wa nyuma usio na kufuli.

Kisha gawanyeni mzigo. Jamaa 60 zikitoa shilingi 500 kwa mwezi, ni 30,000 kila mwezi, na kwa miezi sita ni 180,000. Lakini twajua watu wetu. Mvuvi ana majuma ya neema na majuma ya nyavu tupu. Mkulima wa miwa wa Awendo huweza kungoja malipo yake muda mrefu. Mjane hana 500 za kila mwezi. Kwa hiyo anayeweza kuleta mawe alete mawe, mwenye mkokoteni abebe mchanga, kijana mwenye nguvu achimbe msingi. Vitu hivyo navyo viandikwe kwenye daftari kwa thamani yake, kama fedha zinavyoandikwa, ili mchango wa maskini usipotee kwa sababu haukuwa wa noti. Bwana Yesu aliketi akalitazama sanduku la hazina hekaluni, akaziona senti mbili za mjane. Mweka hazina wetu naye sharti azione.

Juu ya harambee tunasema neno moja. Ahadi si fedha. Mgeni wa heshima akiahidi 50,000, shukuruni, pigeni makofi, lakini katika daftari iandikwe katika safu ya ahadi. Msimwite fundi kwa nguvu ya ahadi. Na lengo likitimia, mchango usimame. Katika Kutoka sura ya 36 twasoma kwamba watu walipoleta vitu kupita mahitaji ya kazi, Musa aliamuru itangazwe kambini kwamba wasilete tena. Wachungaji wenzetu, hebu tulitafakari hilo. Watu wakiona kwamba Kanisa linaweza kusema, "Imetosha," watatoa kwa furaha siku nyingine.

Jambo la tatu ni kuilinda kazi, yaani kuifuatilia hatua kwa hatua. Na hapa Biblia yenyewe ni mwalimu mzuri kuliko wengi wanavyofikiri.

Someni 2 Wafalme sura ya 12. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuitengeneza nyumba ya Bwana palipobomoka. Ulipofika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, nyumba ilikuwa haijatengenezwa bado. Angalieni, fedha zilikuwa zikitolewa miaka yote hiyo. Andiko halisemi kwamba makuhani waliiba. Ila hakuna aliyeuliza. Ndipo utaratibu ukabadilishwa. Yehoyada kuhani alichukua sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Lilipoonekana kuwa na fedha nyingi, walikuja watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu pamoja na kuzifunga katika mifuko. Kisha zikalipwa kwa maseremala na waashi, na kwa kununua mbao na mawe. Fedha hizo hazikutumiwa kutengeneza mabakuli ya fedha wala tarumbeta. Zilikwenda kwenye kazi ziliyotolewa kwa ajili yake.

Humo mna mambo manne ya kuiga. Fedha ziwe na mahali pake peke yake, zisichanganywe na sadaka ya kawaida. Watu wawili wahesabu pamoja. Malipo yaende kwa kazi iliyokusudiwa tu, hata kama kuna kitu kingine kizuri cha kununua. Na mtu wa juu aulize, kwa wakati wake, kazi imefika wapi.

Wengine hutujibu kwa mstari wa 15 wa sura hiyo hiyo. Wanasema, "Mbona hapo imeandikwa kwamba wale waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu? Kwa nini mnatudai risiti?" Ndugu, someni kutoka juu. Kabla fedha hazijafika mikononi mwa watu hao, zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa na wawili, na kufungwa katika mifuko. Kiasi kilijulikana, na kazi ilionekana ikisimama mbele ya watu wote. Uaminifu wao ulikuwa ndani ya utaratibu uliowekwa. Huwezi kuuchukua mstari wa 15 na kuliacha sanduku la mstari wa 9.

Na kama mtu angali anadhani kwamba hesabu ni mambo ya dunia, na asome Kutoka sura ya 38. Hema ilipokamilika, hesabu ya vitu vyote ilifanywa na Walawi chini ya Ithamari, mwana wa Haruni. Kila mtu mume aliyehesabiwa alitoa nusu shekeli ya fedha, nao walikuwa watu 603,550. Nusu yake ni shekeli 301,775. Talanta moja ilikuwa shekeli 3,000. Basi zilipatikana talanta 100, na shekeli 1,775 zikabaki. Zile talanta 100 zilitengeneza vitako 100, kila kitako talanta moja. Zile 1,775 zilizobaki zikafanya kulabu za nguzo na mapambo yake. Hesabu imefunga, haikubaki hata nusu shekeli isiyojulikana ilikokwenda. Roho Mtakatifu hakuona aibu kuyaweka haya katika Maandiko. Twaweza kuona aibu sisi kusoma hesabu ya shilingi 180,000 baada ya matangazo?

Sasa tuyalete haya nyumbani. Fedha za tangi ziwe katika akaunti ya kanisa, ambayo haitoi fedha bila sahihi za zaidi ya mtu mmoja. Michango ya M-Pesa ipelekwe kwenye namba ya kanisa. Isipite kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe mtakatifu kiasi gani, hata awe mchungaji. Kila atoaye apewe stakabadhi. Kabla ya kununua, ombeni bei kwa maandishi kutoka maduka matatu, na halmashauri ichague kwa kuangalia bei, ubora na dhamana ya tangi. Kama mmoja wa halmashauri ana duka, aseme wazi, na atoke nje wakati wa kuchagua. Anayenunua asiwe ndiye anayelipa, na wala asiwe ndiye anayepokea mzigo. Tangi likifika, wazee wawili walikague kabla halijateremshwa kwenye gari, maana ufa ukionekana baada ya dereva kuondoka huwa ni ufa wenu.

Kila mwezi isomwe kanisani taarifa fupi yenye majibu ya maswali manne: Tulipanga kuwa wapi? Tumefika wapi? Tofauti ni nini? Tutafanya nini juu yake? Mathalani, mwisho wa mwezi wa tatu mlipanga kuwa na 90,000, nanyi mna 72,000. Tofauti ni 18,000. Msiifiche. Mkiijua mwezi wa tatu, mna njia kadhaa: kuongeza mwezi mmoja, kutafuta msaada, au kununua tangi la lita 5,000 kwanza na kuacha nafasi ya la pili. Mkiijua mwezi wa sita, mna njia moja tu, nayo ni kulaumiana.

Tena angalieni mnapunguza nini. Watu wengi fedha zikipungua hupunguza msingi, kwa kuwa hauonekani. Lakini lita 10,000 za maji zina uzito wa kilo 10,000, tani kumi nzima. Msingi dhaifu ukititia, tangi litainama na kupasuka. Wengine huweka gata upande mmoja wa paa tu. Hapo maji yatakayopatikana ni nusu, na tangi litahitaji zaidi ya milimita 200 za mvua ili lijae. Kama ni lazima kufanya hivyo, watu waelezwe, ili wasije wakasema tangi linavuja.

Kazi ya kulinda haiishi siku ya askofu kuja kubariki tangi. Katika miaka ya 1970 kuelekea mwisho wake, katika nchi yetu yalienezwa matangi yaliyoitwa ghala. Lilifumwa kapu kubwa la fito, mfano wa dero letu la nafaka, kisha likakandikwa simiti ndani na nje. Lilikuwa rahisi kwa bei, na kila mtu alilisifu. Lakini miaka ilipopita, katika miaka ya 1980, ilionekana kwamba mchwa na kuoza vilikuwa vikilila lile kapu lililofichwa ndani ya simiti, na matangi mengi yakaharibika. Siku ya kukabidhiwa hapakuonekana kasoro. Ilionekana kwa sababu kuna watu waliorudi kuangalia. Basi teueni mtu wa kuangalia tangi kila mwezi: gata zimefungika imara? Majani yameondolewa? Wavu ni mzima? Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe imwagike nje ioshe paa, kwa maana ina kinyesi cha ndege na vumbi. Na maji ya kunywa, hata ya mvua, yachemshwe au kutiwa dawa ya klorini.

Wapendwa, kuna jambo moja bado, nalo ndilo lililo moyoni mwetu kuliko yote. Wengi hudhani kwamba utaratibu huu wote ni wa kumkamata mwizi. Ni kweli, mwizi yupo. Hata katika wale kumi na wawili aliyeshika mfuko alikuwa Yuda, na Yohana sura ya 12 inatuambia alikuwa akichukua vilivyotiwa humo. Lakini mara nyingi zaidi utaratibu unamlinda mtu mwaminifu. Fikirini mweka hazina wa kanisa la kijijini. Halipwi. Anafunga safari kwenda benki kwa nauli yake. Kisha siku moja anaezeka nyumba yake kwa fedha za miwa yake mwenyewe, na sokoni watu wanaanza kunong'ona kwamba mabati yale ni fedha za tangi. Ikiwa hakuna daftari, hakuna stakabadhi, wala hesabu haikusomwa hadharani, atajitetea kwa nini? Ataapa? Watu watasema hata wezi huapa. Uvumi utamla kama mchwa ulavyo kapu, kutoka ndani, mpaka aache kuja kanisani, yeye na watoto wake. Tangi tunaweza kununua lingine. Ndugu huyo tutamnunua wapi?

Kwa sababu hiyo mtume Paulo, alipochukua mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, hakukubali kuuchukua peke yake. Katika 2 Wakorintho sura ya 8 anaeleza kwamba Tito alifuatana na ndugu aliyesifiwa na makanisa, tena ndugu huyo alichaguliwa na makanisa yenyewe. Paulo alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kama Paulo alihitaji mashahidi, sisi ni nani hata tukasirike tukiombwa kuonyesha daftari?

Basi Jumapili hii, halmashauri za makanisa, ketini. Chukueni kalamu. Andikeni shida ni ya nani. Pimeni paa kwa kamba. Andikeni kila gharama mpaka kufuli. Chagueni wawili wa kuhesabu na mmoja wa kuuliza. Kisha ndipo mtangaze mchango. Nanyi washiriki mtoao, msiogope kuuliza. Swali likiulizwa kwa upole mkutanoni ni tendo la upendo. Likiulizwa kwa mnong'ono njiani ni sumu.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, unyeshaye mvua juu ya wenye haki na wasio haki, twakushukuru kwa maji ya juu ya paa zetu. Utupe akili ya kuyakinga na moyo wa kuyagawa. Uwalinde waweka hazina wa Kanisa lako, wasije wakajaribiwa, wala wasije wakasingiziwa. Uzibariki senti za wajane, nasi tusizipoteze. Utufundishe kuzihesabu fedha zako tukijua ya kuwa siku moja nasi tutahesabiwa mbele zako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.